MREJESHO: Likizo ya uzazi ya mapacha, HR aliyeng'ang'ania siku 84

Wadau habari zenu, mimi ndo yule niliyeuliza kuhusu HR kunipa siku 84 wakati nimejifungua mapacha. Asanteni sana jamani, hasa yule dada aliyenitumia kifungu cha 33 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kinachosema ukijifungua zaidi ya mtoto mmoja ni siku 100.

Kuna walioniambia nikimbilie CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoshughulikia migogoro ya kazi) moja kwa moja, sikwenda, nilifuata ushauri wa kuandika barua kwanza. Nikaandika kistaarabu tu, nikataja kifungu, nikaambatanisha vyeti vya watoto wote wawili na nikagongesha muhuri kwenye kopi yangu (hili msilisahau, HR alikuja kusema hajaona barua nikamtolea kopi, akakaa kimya). Siku ya tano nikajibiwa, siku 100 zote na mshahara, na likizo ya mwaka haijaguswa.

Kwenye kunyonyesha ndo sijashinda vizuri. Sheria inasema mpaka masaa mawili kwa siku, bosi kakomalia hilo neno "mpaka", kanipa lisaa limoja. Na mimi nakaa Mbagala, kazi Posta, lisaa si linaishia kwenye foleni? Tukakubaliana nitoke saa tisa badala ya saa kumi. Mchana nakamua maziwa stoo, nimekaa juu ya boksi la karatasi huku mwenzangu kashikilia mlango maana kitasa kibovu.

Hilo la lisaa la pili naandika barua nyingine wiki ijayo.