Ramadhani imekwisha, nimeanza kulegea

Muulizaji (muuza samaki, Feri, Dar es Salaam):
Assalaam aleykum ndugu zangu. Ramadhani nilikuwa nasoma kurasa nne za msahafu baada ya kila sala ya faradhi, yaani juzuu moja (sehemu moja ya thelathini) kwa siku, nikakhitimu mwisho wa mwezi. Tarawehe sikukosa hata moja. Leo Shawwal 9, msahafu uko juu ya kabati tangu Idi. Alfajiri naiswali mbio niwahi mnada wa samaki. Inaniuma sana. Wenzangu mnawezaje?

Jibu la kwanza:
Waaleykum salaam. Juzuu nzima iache kwanza. Bi Aisha (r.a.), mke wa Mtume, amepokea kwamba amali ipendezayo zaidi kwa Mwenyezi Mungu ni inayodumu, hata ikiwa ndogo. Soma ukurasa mmoja baada ya Isha. Msahafu wa kurasa 604 utaumaliza kabla ya miaka miwili.

Jibu la pili:
Kaka, na sitta je, zile funga sita za Shawwal? Si lazima zifuatane. Anza siku nyeupe, 13, 14 na 15, zilizobaki umalizie Jumatatu na Alhamisi. Mimi nalipa kwanza deni langu la siku saba za Ramadhani, ndipo niziendee sita.

Muulizaji:
Ahsanteni mno. Msahafu nimeushusha, uko kando ya mto wa kulalia. Witri, sala ya kufunga usiku, nitaiswali kabla ya kulala, kuamka saa tisa kisha niende mnadani sitaweza. Tarehe 13 nanuia, inshaallah. Dada, Mola akuwepesishie hizo saba.