Dramu za kompyuta kwenye metali zinalia kama cherehani, nisaidieni

Ghorofa_ya_Michenzani:
Assalaam alaykum jamani. Mie narikodi muziki wa metali chumbani kwangu, Michenzani. Gitaa naliingiza moja kwa moja kwenye kompyuta, natumia Reaper, programu ya kurikodia, na dramu nazipanga kwa MIDI, yaani noti ninazoziandika kwenye kompyuta, kwenye programu ya bure niliyoipakua. Dramu za kweli hapa haziwezekani, jirani wa chini ana mtoto mchanga na ukuta wenyewe unapitisha hata kikohozi.

Shida ni hii. Wimbo unakwenda mapigo 200 kwa dakika, dramu ya mguu noti nne kila pigo, pedali mbili mfululizo. Ikifika hapo inakuwa cherehani. Tena nikiweka magitaa mawili, kushoto na kulia, dramu ya mguu inapotea, nabaki na matoazi tu, shaa shaa shaa. Nikiipandisha, mita inapiga nyekundu na bado haisikiki. Nafikiria kununua Superior Drummer 3, ile programu ya dramu ya kulipia. Ninunue, au kuna dawa nyengine?

Yakhe_wa_Wete:
Usinunue kitu. Sauti zake zinapita GB 230, kwa bando letu hili utamaliza kuishusha Ramadhani ijayo. Weka picha ya MIDI yako tuione kwanza.

Ghorofa_ya_Michenzani:
Nimeiweka hapo juu. Velositi, yaani nguvu ya kila pigo, zote nimeziweka 127, ndiyo mwisho wake, maana metali ni kupiga kwa nguvu.

Mkwasa:
Nimeitazama, mdogo wangu. Baa (kipimo cha mapigo) ya tisa, angalia vizuri: haihati, yale matoazi mawili yanayofumbana, inalia, sneya, ile dramu kali ya katikati, inalia, na papo hapo umeweka kreshi, toazi kubwa la kishindo. Huyo mpigaji ana mikono mitatu. Msikilizaji hatojua kasoro iko wapi, ila sikio litakataa. Pale penye kreshi, futa haihati. Kwenye mzunguko wa tomu, zile dramu za pembeni, pia umeiacha haihati inaendelea, anaipiga nani?

Sasa velositi. Programu hizi zinabeba rekodi nyingi za dramu moja, iliyopigwa polepole, wastani, kwa nguvu, na velositi ndiyo inayochagua ipi ilie. Ukifunga zote 127 unaita zile rekodi chache za juu kabisa, pigo baada ya pigo, mpaka wimbo uishe. Cherehani lako linatoka hapo. Sneya ya pigo la pili na la nne iweke baina ya 115 na 125, zisilingane. Vile vipigo vidogo vya katikati shusha mpaka 30 au 40. Kwenye blasti, pale sneya inapopigwa mfululizo kwa kasi kubwa, ndiyo kabisa usiweke juu, kwa sababu kwa kasi ile mkono haupati nafasi ya kunyanyuka, fimbo inapanda kidogo na sauti inapungua. 95 hadi 108 inatosha. Tomu nazo, mkono wa kulia uzidi wa kushoto kidogo.

Mie napiga kidumbak, ngoma zetu za Unguja, kwenye maharusi. Pale ukigonga vyote sawa sawa, hakuna mwanamke atakayenyanyuka kucheza.

Fundi_Darajani:
Kwa mikono nakubaliana na Mkwasa. Kwa miguu, hapana. Metali ya siku hizi hata wapigaji wa kweli wanafungiwa triga, kifaa kinachohisi pigo, na pigo la mguu linabadilishwa kwa sampuli, yaani sauti iliyorikodiwa kabla, makusudi lilie sawa. Fanya hesabu: mapigo 200, noti nne kila pigo, ni mapigo 13 na kitu kwa sekunde. Kila noti ina milisekunde 75. Ukiiyumbisha kwa 15 itasikika kama mtu aliyechoka. Iache kwenye gridi, ile mistari ya mapigo ya programu, velositi 105 hadi 118, halafu fupisha mkia wa sauti, maana mkia mrefu hapo unalala juu ya pigo linalofuata.

Kupotea si suala la kupandisha. Kila dramu iwe na treki yake, yaani mstari wake peke yake kwenye programu. Kwa kichujio cha sauti (EQ; Hz ndogo ni sauti nzito, kubwa ni nyembamba), dramu ya mguu punguza kwenye 300 hadi 400 Hz, pandisha kidogo karibu na 4 au 5 kHz upate ule mlio wa "tk", na uzito uutafute kwenye 60 Hz. Magitaa kata yote yaliyo chini ya 80 au 100 Hz, hayana kazi huko. Gitaa la besi lifungie kompresa, kifaa cha kubana sauti, inayoisikiliza dramu ya mguu, kila pigo likija besi linajikunja kidogo. Matoazi yakate chini ya 400 Hz, kisha yashushe kuliko unavyotaka.

Bi_Distoshen:
Na distoshen, ule mkwaruzo wa gitaa, punguza, kaka. Wengi watakusikiliza kwa simu, na spika ya simu hiyo 60 Hz haitoi kabisa. Bila ile "tk" ya Fundi, kwao hakuna dramu ya mguu.

Yakhe_wa_Wete:
Sevu kila mara, yakhe. Umeme haubishi hodi.

Ghorofa_ya_Michenzani:
Ahsanteni sana. Nimefuta mikono iliyozidi, sneya imekuwa mtu. Kwenye miguu nimemfuata Fundi, na mguu sasa nausikia hata kwenye simu ya mama. Distoshen nimepunguza kwa shingo upande, lakini Bi kapatia, magitaa yamekuwa mazito zaidi badala ya kupungua. Kilichobaki ni kreshi, zinanichoma sikio kila baa inapoanza.

Mkwasa:
Kwani nani kasema kila baa ianze na kreshi? Weka mwanzo wa rifu tu, yaani kipande cha gitaa kinachojirudia, kwengine mpe raidi, toazi la kupigia mapigo ya kawaida. Na kreshi zikiwa mbili, moja kushoto moja kulia, zipishane.

Ghorofa_ya_Michenzani:
Hilo la kupishana sijalijaribu. Umeme ukirudi naweka kipande kipya.

Fundi_Darajani:
Tuwekee na dramu peke yake bila magitaa, tuzisikie hizo tomu.