Chubwi la nyuma, chubwi linaloteleza au mshipi unaozama wenyewe: kipi kinatuachia nafasi ya kumsikia samaki?

Mtoto wa Muhumba (Bukavu)

Wazee wangu na ndugu zangu wa mshipi, salamu. Ninavua kwenye kingo za ghuba yetu hapa Bukavu kwa fimbo mbili zilizolazwa juu ya panda za miti, mchana nikitafuta tilapia na usiku kambale. Nimesoma jinsi wavuvi wa karpi wa Uingereza na Ufaransa wanavyoulaza mshipi wao chini kabisa ili samaki asiuguse akashtuka, na nimebaki na njia tatu za kuchagua. Ya kwanza ni chubwi la nyuma, yaani uzito mdogo unaoning'inizwa kwenye mshipi karibu na ncha ya fimbo baada ya kurusha, ukashuka na kuulaza mshipi tangu ukingoni. Ya pili ni chubwi linaloteleza, ambalo hupitishwa kwenye mshipi kabla ya kurusha na kutua hatua chache nyuma ya ndoano, likilaza ile sehemu tu ambako samaki wanazunguka. Ya tatu ni kuachana na uzito wa ziada na kutumia mshipi unaozama wenyewe. Ninachotaka kujua ni ipi kati ya hizo haitaninyima mdono, yaani ule mguso wa samaki anapodonoa chambo, kwa sababu sioni faida ya kumficha samaki mshipi ikiwa atakula chambo na kwenda zake bila kengele niliyoifunga kwenye ncha ya fimbo kulia.

Baba wa Kafubu (Lubumbashi)

Mwanangu, anza na pembe. Mshipi ulionyooka kutoka ndoanoni hadi kwenye ncha ya fimbo hupeleka kila mtikisiko moja kwa moja, lakini ukitundika chubwi la nyuma unaukunja: unashuka kutoka kwenye ncha hadi chini, kisha unageuka na kulala kuelekea kwenye chambo. Kila mahali mshipi unapokunjwa pana msuguano, na kadiri kona inavyokuwa kali ndivyo msuguano unavyozidi, kwa hiyo mdono mdogo hufia pale kwenye kona kabla haujafika kwenye kengele. Kuna jambo baya zaidi ambalo wauzaji hawalitaji. Samaki akila na kuogelea kuelekea kwako, mshipi uliolazwa hulegea kwanza ng'ambo ya chubwi, na wewe huoni chochote upande wako mpaka ulegevu ule uwe mkubwa.

Hata hivyo sitalikataa chubwi la nyuma. Huku kwetu tunavua kwenye mabwawa yenye sakafu tambarare ya tope, na humo linafanya kazi yake vizuri, mradi liwe jepesi kuliko chubwi kuu, lile linalorushwa pamoja na ndoano, na fimbo iwe imeinamishwa hadi ncha yake ikaribie maji, ili ile kona isiwe kali. Chubwi linaloteleza nalipenda zaidi, kwa kuwa mshipi hushuka polepole kutoka kwenye fimbo na hauna mkunjo mkali popote.

Kuhusu mshipi wenyewe, tazama uzito wake ukilinganishwa na maji. Nailoni ya kawaida ina uzito wa takriban mara 1.14 ya maji, kwa hiyo huzama, lakini bila haraka. Florokaboni hufikia takriban mara 1.78 na hushuka bila kubembelezwa, ingawa bei yake si ya kila mfuko. Mshipi wa kusuka wa polithini uko kwenye 0.97, maana yake huelea, na ndio pekee unaohitaji kweli kusaidiwa kwa uzito. La kusikitisha ni kwamba huo huo ndio unaopeleka mdono vizuri kuliko yote, kwa sababu hauvutiki kama nailoni.

Himbi Mawe (Goma)

Mzee wa Kafubu amesema kweli kwa mabwawa ya Lubumbashi. Kwa Ziwa Kivu la upande wetu, ninaomba mtu asithubutu. Sehemu ya ukingo wa Goma ni lava, nyingine ikiwa ile iliyoingia ziwani mwezi Januari 2002, na mawe yake yana makali ya kukata. Ukiulaza mshipi juu ya mawe hayo, unauweka kwenye misumeno, na chubwi lenyewe litanasa kwenye ufa wa kwanza. Mimi naweka fimbo wima, ncha ikiwa juu kabisa, mshipi ukiwa umekazwa na kupita juu ya mawe yote. Kama samaki anauona, na auone.

Mama Chambo (Bukavu)

Ndugu zangu, mnalinganisha vifaa bila kuwalinganisha samaki, na naona hapo ndipo jibu lilipo. Wavuvi wa karpi wanaweza kuvumilia mshipi uliolazwa kwa sababu ya namna wanavyofunga ndoano yao: uzi mfupi na chubwi zito lililobanwa mahali pamoja. Karpi hufyonza chambo na kukitema, na anapogeuza kichwa uzito wa chubwi unamchoma kwa ndoano, akashtuka na kukimbia. Kufikia hapo hakuna haja ya kusikia mdono mdogo, kwa kuwa samaki amekwisha kujinasa mwenyewe, na mbio zake zitaliza kengele yoyote hata mshipi ukiwa na kona mbili.

Tilapia wetu hafanyi hivyo. Hudonoa donge la bugali kidogo kidogo, huvuta kwa midomo, huacha, hurudi, na mvuvi ndiye anayepaswa kuivuta fimbo kwa wakati wake. Ukimtegea chubwi la nyuma, utainua ndoano tupu asubuhi nzima. Kwa samaki huyo nasema mshipi wa nailoni nyembamba, chubwi kuu dogo ambalo mshipi unapita huru ndani yake ili asisikie uzito, na mshipi wenyewe ukazwe kiasi cha kunyooka tu. Ukiona lazima uufiche, bana vichubwi viwili vidogo kwenye nusu mita ya mwisho, basi. Kambale ni habari nyingine: mdomo wake ni mpana, akimeza nyungunyungu huondoka nayo, na hapo chubwi linaloteleza halitakudhuru.

Tena, Muhumba, kumbuka ukingo wako ulivyo. Kwenye rasi zetu ardhi inateremka ghafla, na mshipi unaotoka kwenye fimbo iliyoinamishwa hufuata mteremko huo bila msaada wa chubwi lolote. Unataka kutatua tatizo ambalo mlima umekwisha kulitatua.

Mtoto wa Muhumba (Bukavu)

Asante, yaya. Basi kwa tilapia nimeacha wazo la chubwi la nyuma. Kwa kambale wa usiku, nikitumia linaloteleza, kengele iliyo kwenye ncha inatosha, au nitundike kitu kwenye mshipi?

Baba wa Kafubu (Lubumbashi)

Tundika. Kengele ya kwenye ncha husubiri fimbo ipinde, wakati kining'inio kilichowekwa kati ya kizingio, yaani gurudumu la kukunjia mshipi, na pete ya kwanza ya fimbo husogea hata kwa mvuto wa vidole viwili: kikipanda, samaki anaondoka, kikishuka, anakuja kwako. Uzito wake ulingane na mshipi. Kama mshipi umelegezwa, kifuniko cha chupa kinatosha, kwa sababu kitu kizito kitaukaza tena na kuunyanyua kutoka chini, na kazi yote ya chubwi lako itapotea. Kama mshipi umekazwa, weka kizito zaidi, la sivyo hutaona kikishuka.

Himbi Mawe (Goma)

Neno moja juu ya machubwi yenyewe, maana nimeona vijana wakiyeyusha risasi ya betri za magari kwenye sufuria za jikoni. Risasi ni sumu, na mvuke na vumbi lake huwadhuru watoto kuliko wakubwa. Uingereza ilipiga marufuku uuzaji wa machubwi madogo ya risasi tangu 1987 kwa sababu yalikuwa yakiua mabata-maji waliokuwa wakiyameza. Nati ya chuma inatosha kabisa. Kwa uzito ule ule itakuwa kubwa kuliko risasi kwa karibu mara moja na nusu, lakini kwa kambale hilo halina madhara. Ifunge kwa uzi dhaifu kuliko mshipi wako, ili ikinasa kwenye mawe ikatike yenyewe na samaki abaki ndoanoni.

Mama Chambo (Bukavu)

Na tundu la nati ulisugue kwa tupa kwanza, kingo zake hula nailoni.