Muuguzi aanze kumhudumia mgonjwa wa kiharusi, au amsubiri daktari?

Zamu ya Usiku: Wakuu, naomba tulijadili hili. Mimi ni muuguzi idara ya dharura, hospitali ya mkoa. Mgonjwa analetwa uso umevutwa upande mmoja, mkono ukiunyanyua unaanguka, maneno hayaeleweki. Sihitaji kuambiwa kuwa ni kiharusi. Lakini utaratibu wetu unataka daktari wa zamu aje aandike kwanza kipimo cha CT (picha ya ndani ya kichwa), ndipo mgonjwa asogezwe. Daktari yuko chumba cha upasuaji na mama anayejifungua. Tunakaa. Dawa ya kuyeyusha bonge la damu inachomwa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze, na inakadiriwa kila dakika inayopita zinakufa seli za ubongo karibu milioni 2. Hoja yangu: muuguzi aliyefunzwa apewe ruhusa ya maandishi apime sukari, presha na alama za NIHSS (zinazoonyesha ukali wa kiharusi), halafu ampeleke mgonjwa CT moja kwa moja. Na pale ambapo dawa ipo, bingwa athibitishe kwa simu, muuguzi achome. Kuna ubaya gani?

Mzee wa Kijitonyama: Binti, nimekusoma. Ila kabla ya kuomba kazi ya daktari, manesi wekeni simu chini kwanza. Nilimuuguza mdogo wangu kwenye hospitali moja kubwa. Dripu imeisha, damu inapanda kwenye mpira, wawili wako mezani wanachati. Naita, naambiwa "subiri baba".

Nesi Mkongwe: Shikamoo mzee. Umeniuma, na nitakujibu. Hiyo simu unayoiona mkononi ndiyo tunayompigia daktari, ndiyo yenye kundi la WhatsApp la wodi ambako oda zinatumwa usiku, tena kwa bando letu. Wodi ina wagonjwa 40 na muuguzi mmoja, na mhudumu akiwepo ni bahati. Mliona simu, wale wagonjwa wengine 39 hamkuwaona.

Mzee wa Kijitonyama: Walikuwa wanacheka. Oda za daktari hazichekeshi.

Kibo Hoyee: Mzee kasema kweli tupu. Na lugha zao je? Mtu umefiwa unaambiwa sogea pale.

Nesi Mkongwe: Kibo, ukifiwa njoo uone nani anamfunga maiti wako kidevu na kumnyoosha mikono saa tisa usiku. Ni sisi hao hao.

Daktari wa Wilaya: Turudi kwenye hoja, maana watu wanaweza kufa kwa sababu yake. Bila picha ya CT hakuna mtu, awe muuguzi au profesa, anayeweza kujua kwa macho kama mshipa umeziba au umepasuka. Huku kwetu, kwa presha hizi zisizotibiwa, wanaovuja damu ni wengi kuliko Ulaya. Dawa ya kuyeyusha damu ukimpa anayevuja, umemuua. Halafu nani ataitwa mbele ya Baraza la Uuguzi na Ukunga? Mmeisoma Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya 2010? Nitasema wazi: bado napokea wagonjwa wa rufaa waliowekewa nifedipini chini ya ulimi ili presha ishuke haraka. Presha inaporomoka, sehemu ya ubongo iliyokuwa inapigania damu inakosa kabisa. Hilo dogo linawashinda, mnataka kubwa?

Zamu ya Usiku: Daktari, nimesema CT kwanza. Soma tena. Hakuna mahali nilipoandika tuchome kabla ya picha.

Nesi Mkongwe: Na hiyo nifedipini kwenye faili imesainiwa na nani? Muuguzi haandiki dawa, anatekeleza. Nimeshawahi kusimama na kidonge mkononi nikamwambia daktari kijana, kaka hii presha tuiache, mgonjwa ni wa kiharusi. Nikaambiwa nijue mipaka yangu. Leo lawama ni yangu!

Daktari wa Wilaya: Sikukutaja wewe.

Nesi Mkongwe: Umesema "linawashinda". Sisi ndio "wa".

Mgosi wa Leeds: Salaam kutoka Uingereza, nipo wodi ya kiharusi. Huku gari la wagonjwa likiwa bado njiani, nesi wa kiharusi ameshapigiwa. Anampokea mgonjwa mlangoni, anapima NIHSS (inaanzia 0 hadi 42), anaongozana naye mpaka CT. Uamuzi wa dawa ni wa daktari, mara nyingine bingwa yuko nyumbani anatazama picha kwenye kompyuta. Kwa hiyo wote wawili mko sahihi. Na dawa zenyewe zimebadilika. Alteplasi ilikuwa na hesabu nyingi: miligramu 0.9 kwa kilo, asilimia 10 unasukuma mwanzo, inayobaki inapita kwa dripu ya saa nzima. Tenekteplasi ni sindano moja, miligramu 0.25 kwa kilo, isizidi 25. Kazi ngumu inakuja baadaye: presha chini ya 180/105, na kila dakika 15 kwa saa mbili za mwanzo unampima na kumwita jina. Hapo daktari hayupo, upo wewe.

Kibo Hoyee: Huko Leeds. Huku hata glavu tunanunua.

Lake Zone: Mnabishana kuhusu saa nne na nusu, mgonjwa anafika siku ya pili! Amekandwa mafuta, amechanjwa chale, ameambiwa ni upepo mbaya. Mama mjamzito akipata dharura kuna m-mama, unapiga 115 gari linatafutwa. Wa kiharusi anapiga wapi? Anzieni hapo. Na CT msiseme hakuna, tangu zile fedha za Uviko za 2021 hospitali nyingi za rufaa za mikoa zimewekewa mashine hiyo.

Mama Sabra: Mimi si mtu wa afya. Mama mkwe wangu alilazwa amepooza kulia, nusu anasinzia. Tukaambiwa ndugu mlisheni. Tukamlaza kichwa kwenye mto, tukampa uji kwa kijiko, mwingine unatokea pembeni mwa mdomo, anakohoa, tunampigapiga mgongo tunaendelea. Siku ya tatu homa, kifua kinakoroma. Wakasema nimonia. Hakutoka. Mpaka leo wifi zangu wananiangalia mimi, kwa sababu kijiko nilikishika mimi.

Mzee wa Kijitonyama: Pole sana mama. Hilo ndilo ninalosema, uzembe.

Zamu ya Usiku: Pole dada Sabra. Kosa si lako na wifi zako waambie hivyo. Kabla ya tone lolote kupita mdomoni, mgonjwa wa kiharusi lazima apimwe kumeza, na hiyo ni kazi ya muuguzi. Haihitaji mashine wala saini ya daktari. Kuna utafiti wa Australia, timu ya Sandy Middleton, ulitoka kwenye jarida la Lancet 2011: vitengo 19 vya kiharusi huko New South Wales. Vingine vilifundishwa wauguzi wafuatilie mambo matatu kwa ukali: homa, sukari, kumeza. Baada ya siku 90, waliokufa au kubaki tegemezi walikuwa pungufu kwa karibu 16 katika kila wagonjwa 100. Parasetamoli, kipimo cha sukari na kijiko cha maji, basi.

Daktari wa Wilaya: Hapo sina ubishi. Na sukari naongezea: ikishuka sana inaiga kiharusi kila kitu, mdomo kupinda, mkono kulegea. Unamfanyia rufaa mtu wa kupewa glukosi.

Nesi Mkongwe: Umekubali bila kuniomba radhi.

Kibo Hoyee: Mmoja na wagonjwa 40 atampima nani kumeza? Ndugu ndio watalisha tu.

Nesi Mkongwe: Kwa hiyo mwajiri aajiri. Wauguzi wamemaliza vyuo wako mitaani wanauza vocha.

Daktari wa Wilaya: Andikeni mwongozo wa kumeza hata kesho, nitausaini. Dawa bado napinga.

Zamu ya Usiku: Na CT?

Mama Sabra: Samahani nawaingilia. Hicho kipimo kinafanywaje? Baba yangu naye ana presha.

Zamu ya Usiku: Awe macho, anakusikia. Akae wima kabisa, asilale. Kijiko kimoja cha chai cha maji. Mguse kooni uone kama amemeza, halafu mwambie aseme "aaa". Akikohoa, sauti ikiwa ya majimaji, au maji yakitoka pembeni, simamisha. Akivuka, vijiko vingine, ndipo kikombe. Muuguzi ndiye afanye, wewe simama pale udai kifanyike.

Mama Sabra: Akishindwa, hata chai kidogo asipewe?

Zamu ya Usiku: Asipewe kitu mdomoni. Chakula kinapita kwenye mpira wa puani, mdomo unasafishwa kwa kitambaa chenye maji, na kesho yake anapimwa tena.