MREJESHO: Kundi la ukoo lililowaka moto kwa sababu ya dini

Wakuu, nilileta kwenu ugomvi wa kundi letu la WhatsApp la ukoo: binamu alirusha klipu ya mhadhara wa kuikashifu Biblia, mjomba mlokole akajibu kwa kumkejeli Mtume, watu wakaanza kujitoa. Mkanishauri nimpigie kila mmoja pembeni. Binamu alielewa haraka. Mjomba alinihubiria dakika 40, tena kwa vocha yangu!

Aliyemaliza kesi ni shangazi. Alituma sauti, sufuria zikigongana nyuma: "Machi 2025 Ramadhani na Kwaresima zilikutana, futari tukapika jiko moja. Nani alilalamika?" Kimya. Kesho yake mjomba akaandika, "Nisameheni wanangu." Binamu akajibu kwa dole gumba tu. Waliojitoa wamerudi, isipokuwa mmoja.