Theluji kwa rangi za mafuta: milima haikai mbali

mwanagenzi_40x50
Habari wakuu. Nina turubai ya kuchorea ya sentimita 40 kwa 50: uwanda wa theluji, safu ya misonobari, ukungu, milima nyuma. Milima inakuja mbele badala ya kukaa mbali, na theluji inageuka uji wa kijivu. Natumia nyeupe ya titani, buluu ya ultramarini, siena ya kuchomwa (kahawia nyekundu) na nyeusi. Tatizo liko wapi?

brashi_bapa
Nyeusi itoe kwanza. Ultramarini na siena zinatosha kukupa giza.

Kabla ya kugusa turubai, changanya kwa kisu marundo manne ya rangi: anga, milima, misonobari, miti ya mbele. Rundo la milima litokane na lile la anga, uongeze chembe tu ya ultramarini na siena. Yaweke bega kwa bega, ufinye macho. Ukiona mpaka waziwazi, rangi ya mlima bado ina giza mno. Rudishia ya anga. Giza kamili libaki kwa miti ya mbele peke yake.

kisu_na_kitambaa
Huo uji unaletwa na brashi. Ikitoka kwenye anga mbichi inabeba buluu hadi kwenye theluji. Tenga brashi ya theluji, isiguse kitu kingine.

Ukungu uufanye rangi ikiwa mbichi: brashi laini, kavu, pitisha kwa mlalo kwenye mashina ya misonobari mara mbili au tatu, ukiifuta kwa kitambaa kila mara. Ukizidisha, miti inakuwa doa. Vilele viache vikiwa vikali kidogo.

Tabaka la kwanza liwe jembamba, rangi izimuliwe kwa tapentaini. Mafuta ya kitani yaongezeke kadiri unavyoongeza matabaka. Ukigeuza mpangilio, la juu linakauka kabla ya la chini, kisha linapasuka. Theluji nene ya mbele iwe ya mwisho, kwa kisu, kwa mpigo mmoja, usirudie.

mchana_mfupi
Naongeza: anga ikiwa nyeupe sawa na theluji, theluji haing'ai. Itie anga giza kidogo.

Vivuli vya buluu kama vya mchoraji Monet kwenye picha yake ya theluji *La Pie* (1868–1869) vinataka jua. Kivuli kinaangazwa na anga, ndiyo maana kina buluu. Kwenye ukungu jua halipenyi, kwa hiyo usichore vivuli vyenye kingo.

mwanagenzi_40x50
Shukrani. Nyeupe ya zinki je, kwa ukungu?

kisu_na_kitambaa
Inapenyeza mwanga vizuri, ila ikikauka inakuwa dhaifu na hupasuka. Baki na titani, ipake nyembamba.