Naomba ushauri: IST yenye kilomita 214,000 au Passo yenye 78,000?

Mwalimu wa Chamazi
Habari za jioni wakuu. Naombeni ushauri wa haraka.

Mimi ni mwalimu wa sekondari, naishi Chamazi, Dar. Mke wangu ni muuguzi, na akiwa zamu ya jioni anafika nyumbani usiku mkubwa baada ya kugombania daladala mbili. Nimechoka kukaa macho nasikilizia geti. Tumejibana tumefikisha milioni 8.5 na hiyo ndiyo yote, hakuna nyingine nyuma yake.

Nimepata gari mbili. Ya kwanza Toyota IST ya 2004, injini ya 1NZ, namba C (usajili wa kabla ya D), imetembea kilomita 214,000, bei milioni 8. Ya pili Toyota Passo ya 2005, cc 1000, namba D, ipo yadi Kinondoni, dashibodi inasoma 78,000. Wanataka milioni 8.3 na wanasema hawapunguzi.

IST haina kipengele: bodi imenyooka, AC inapoza, rangi ni ileile iliyokuja nayo, ni kuingia na kuondoka. Kinachonitisha ni hizo kilomita tu. Gari iliyotembea 214,000 si ndiyo imeshachoka? Naomba majibu leo, mwenye mali anasubiri.

Kitonga Gia Mbili
Mwalimu, jikaze uongeze milioni nne uchukue Premio. Hizo ndogo utazichoka mapema. Siku unapeleka familia mkoani na mizigo ya sikukuu, ukifika mlima wa Kitonga utanikumbuka.

Mwalimu wa Chamazi
Mkuu, nimeandika kwamba milioni 8.5 ndiyo yote. Gari ni la Chamazi na Temeke, si la mkoani.

Hesabu Saa Mbili
Kwa hela hiyo mimi ningevuta bajaji. Inampeleka shemeji kazini, mchana kijana anapiga kazi, jioni anakuletea hesabu mkononi.

Fundi Tuli
Acheni mwalimu ajibiwe alichouliza.

Kilomita peke yake haikwambii kitu. 1NZ inatumia cheni ya taimingi (inayopangilia vali), siyo mkanda, na ikibadilishiwa oili kwa wakati inavuka 300,000 bila kufunguliwa. Wateja wangu kadhaa wanatembelea hizo hadi leo. Inayokufa mapema ni ile inayobadilishiwa oili siku mwenye gari akikumbuka, au iliyochemsha mara moja akalazimisha kufika nayo nyumbani. Kwa hiyo kwenye IST uliza nani alikuwa anaitunza, na ana ushahidi gani.

Sasa Passo. Gari la 2005 kusoma 78,000 leo maana yake halifikishi hata kilomita 4,000 kwa mwaka. Haishindikani, ila kwa gari la Dar lililopita mikononi mwa watu mimi siamini hadi nione. Hizi mita za dijitali mtu mwenye kompyuta na waya wake anazirudisha nyuma wewe ukiwa bado unakunywa soda. Ukienda yadi achana na dashibodi, inama uangalie miguuni. Mpira wa pedali ya breki ukikuta mistari imefutika na kona moja imelika, usukani unang'aa pale juu, na ukingo wa siti ya dereva upande wa mlango umebonyea, hiyo siyo 78,000. Waombe na karatasi za Japani. Cheti cha kufuta usajili cha kule huwa kinaonyesha kilomita zilizosomwa kwenye ukaguzi. Kikisoma 110,000 mwaka gari linaondoka Japani, mjadala umeisha.

IST nenda asubuhi kabla haijawashwa, ushike boneti iwe ya baridi. Chomoa stiki ya oili, fungua na mfuniko wa oili uangalie kwa ndani kama kuna utando wa rangi ya maziwa. Mwingine awashe, wewe simama nyuma kwenye egzosi. Moshi wa bluu ni oili inaungua. Moshi mweupe usiokata hata injini ikipata moto ni maji yanaingia kwenye silinda. Gia boksi yake ya gia nne inataka haidroliki (oili ya gia boksi) ya T-IV. Ukiambiwa wameweka ya CVT (gia boksi isiyo na gia za hatua), ondoka.

Mwalimu wa Chamazi
Asante sana fundi, umenifungua. IST asubuhi ikiwashwa inagonga kama sekunde mbili halafu inatulia. Moshi haina. Oili inashuka kidogo sana, nimeongeza nusu lita tu.

Dada wa Tabata
Mimi na kilomita kubwa basi. Tulinunua Toyota Wish yenye injini ya 1ZZ, tukaambiwa hivihivi kwamba Toyota haifi. Tunakwenda Moshi kuzika, tulipopita Segera taa nyekundu ya oili ikawaka. Mume wangu akasema ni waya tu, tusonge. Mombo injini ikakamata, ikazima moja kwa moja, sanduku la nguo za msiba lipo ndani na watoto wanalia jua la saa saba. Tulifika Moshi kwa basi, watu wameshatoka makaburini. Hadi leo mawifi wananisema kwamba nilichelewa kwa makusudi. Chukua Passo kaka, usijaribu.

Fundi Tuli
Pole sana dada. 1ZZ za mwanzo zilikuwa na ugonjwa wa ringi za pistoni, zinakula oili hata zikiwa na kilomita ndogo. Ile taa ikiwaka nyekundu unazima palepale, husogei hata mita mia. 1NZ ni injini nyingine.

Mzee wa Kiwanja
Mwalimu, samahani kukuingilia. Una kiwanja? Milioni 8.5 ni msingi na kozi za tofali hadi kwenye lenta kwa nyumba ndogo. Gari linashuka thamani kila siku unapoliangalia. Vijana wa siku hizi mnaanza na gari, mnamaliza na kodi ya nyumba ya watu.

Mwalimu wa Chamazi
Mzee shikamoo. Naheshimu ushauri wako, ila mke wangu anashuka Mbande usiku peke yake. Tofali haziwezi kwenda kumpokea.

Karani Mstaafu
Nimesoma hadi hapa, watu wote mnaongelea injini. Mwalimu, kadi ya hiyo IST ina jina la nani?

Mwalimu wa Chamazi
Kadi ipo mama, ni orijino, haina shida. Nilitaka zaidi upande wa injini.

Karani Mstaafu
Sikuuliza kama ipo. Nimeuliza jina la nani.

Hesabu Saa Mbili
Mwalimu jibu, mama keshaona kitu.

Mwalimu wa Chamazi
Sawa. Kadi ina jina la marehemu baba mkwe, alifariki mwaka jana. Anayeuza ni shemeji yangu, kaka mkubwa wa mke wangu. Sikuona haja ya kulileta hilo hapa kwa sababu ni mambo ya ndani ya familia na hayana ugomvi. Watoto wako wanne, yeye ndiye mkubwa wa kiume, na bei amenipa ya kindugu. Nimeshatanguliza milioni 3, kwa hiyo niliposema mwenye mali anasubiri nilikuwa sahihi.

Kitonga Gia Mbili
IST namba C kwa milioni 8 ndiyo bei ya kindugu?

Karani Mstaafu
Mwanangu, nisikilize vizuri. Mirathi imefunguliwa? Kuna msimamizi aliyeteuliwa na mahakama? Kama hakuna, shemeji yako hana cha kukuuzia. Ukubwa wa kiume haumpi mtu mamlaka ya kuuza mali ya marehemu. Mwenye mamlaka hayo ni msimamizi wa mirathi, akiwa na barua ya mahakama mkononi. Ukienda TRA (mamlaka ya mapato) kubadilisha umiliki watakuuliza barua hiyo, maana aliyeandikwa kwenye kadi hawezi kuja kusaini mkataba wa mauziano. Njia ni kikao cha ukoo kinachoandikwa muhtasari, cheti cha kifo, kisha mahakamani, na wengi wanaanzia Mahakama ya Mwanzo. Nimekaa kwenye masjala za mahakama hadi nimestaafu. Nimeona ndugu wa tumbo moja wakigawana maneno mazito kwa sababu ya friji, sembuse gari.

Mwalimu wa Chamazi
Nimekuelewa mama, ila kesi za mirathi zinachukua muda na mke wangu anakwenda kazini kesho. Hii familia naijua, hakuna atakayesimama kulalamika. Mama mkwe yupo Muheza na anajua.

Kona Kali
Nisameheni wakuu, mimi hii naiona chai. Someni tena juu. Mwanzo alikuwa analinganisha gari mbili, mwenye mali anasubiri. Halafu anamwambia fundi gari linavyogonga asubuhi na kwamba AMEONGEZA nusu lita ya oili. Nani anaongeza oili kwenye gari ambalo hajanunua? "Haina kipengele, ni kuingia na kuondoka" ni maneno ya madalali, mwalimu wa kawaida haongei hivyo. ID yenyewe ni ya mwezi huu. Kwangu mleta uzi ndiye shemeji, anatafuta mteja wa gari la marehemu kwa mlango wa nyuma.

Hesabu Saa Mbili
Kumbe tumenyweshwa chai bila sukari!

Dada wa Tabata
Na mimi nimeshamwaga ya moyoni hadi ya mawifi. Mwalimu kama ni uongo Mungu anakuona.

Kitonga Gia Mbili
Hata kama ni chai, somo la pedali nimelichukua. Kesho naenda kuinama kwenye gari la jirani anayetaka kuniuzia.

Fundi Tuli
Tusimhukumu mtu. Mwalimu, piga picha ya dashibodi likiwa linawaka, weka na karatasi yenye jina lako la hapa. Ukiwa na chochote cha matengenezo, kiweke pia.

Mwalimu wa Chamazi
Mimi si shemeji wala dalali. Ndiyo, gari liko kwangu, nilipotoa milioni 3 alinipa ufunguo na ndilo ninalomfuatia mke wangu usiku. Passo nilienda kuiangalia kwa sababu baada ya kulipa niliingiwa na wasiwasi wa zile kilomita. Picha hizo hapo. Dashibodi inasoma 214,612. Nimeweka na daftari la mzee, lilikuwa kwenye droo ya mbele.

Fundi Tuli
Wakuu, kuzeni hiyo picha ya daftari muone. Ni daftari la shule la kurasa 48, mistari imechorwa kwa rula. 149,800 oili 5W-30 na chujio. 154,900 oili na chujio. 160,100 oili, chujio, plagi nne. Imeshuka hivyo hadi chini, kila baada ya kilomita elfu tano hivi. 180,200 haidroliki T-IV, na ameandika jina la duka la Gerezani aliponunua. Rejeta anaweka kulanti (maji maalumu ya kupoza injini), hajaweka maji ya bomba hata mara moja. Mimi miaka yangu yote ya ufundi sijaletewa gari lenye kumbukumbu hivi. Kati ya hizo mbili, gari ni hilo. Kwa injini sina wasiwasi nalo.

Ila tazama mstari wa mwisho, 209,500. Baada ya hapo kurasa ni nyeupe. Mzee alipoondoka hakuna aliyebadilisha oili, na sasa limepita elfu tano zake. Huenda ndiyo maana linagonga likiwa la baridi, oili imechoka na inachelewa kupanda kwenye tenshena (kikazio) ya cheni. Mwaga oili yote, usiongezee juu ya hiyo. Weka mpya lita tatu na nusu hivi na chujio, upime kwa stiki. Likiendelea kugonga baada ya hapo ndipo tufungue tuangalie cheni.

Kona Kali
Nimeliona daftari, neno la chai nalifuta. Swali langu linabaki palepale. Usiku unapita Mbagala na gari la marehemu, bima ya nani?

Mwalimu wa Chamazi
Bima ndogo aliyokata mzee, bado haijaisha. Trafiki hawajawahi kunisumbua.

Karani Mstaafu
Trafiki ni mwanzo tu. Ukimgonga mtu, kampuni ya bima itauliza mwenye gari ni nani na wewe uliendesha kwa ruhusa ya nani. Utajibu nini? Angalia pia mtandaoni kwa namba ya gari kama kuna faini zinadaiwa, zisije zikahesabiwa kwako. Ushauri wangu: liegeshe. Wewe na mkeo muitisheni kikao, warithi wote wanne na mama wawepo, wamteue msimamizi, aende mahakamani. Akipata barua yake, yeye ndiye atakayekuuzia na kukupa risiti. Hizo milioni 3 ziandikwe leo kwenye karatasi, shemeji asaini, shahidi asaini.

Mzee wa Kiwanja
Hapo mama amesema yote. Kijana, lisikilize hilo hata kama la kiwanja umelikataa.

Mwalimu wa Chamazi
Wakuu, nimempigia mama mkwe Muheza sasa hivi. Alijua gari liko kwangu, alidhani nimeazimwa nimsaidie binti yake na zamu za usiku. Habari ya kuuzwa hana, na milioni 3 hajaziona wala hajazisikia. Amenyamaza kwenye simu kwa muda, halafu akasema anapanda basi Ijumaa, kikao kiwe Jumapili hapahapa Chamazi. Mke wangu naye kalisikia leo kwa mara ya kwanza kwamba pesa zilitoka bila maandishi. Shemeji nimempigia, hapokei.

Karani Mstaafu
Mtumie ujumbe wa maandishi, usimpigie tena. Andika tarehe uliyompa, kiasi, na kwamba ni malipo ya awali ya gari la baba. Ulituma kwa simu au taslimu?

Mwalimu wa Chamazi
Kwa simu, ujumbe wa muamala ninao.

Karani Mstaafu
Uchapishe nakala mbili, moja mpe mama mkwe mkononi atakaposhuka Ijumaa. Ufunguo na daftari navyo mkabidhi yeye, siyo shemeji.